Juu ya Mstari

Shangazi yangu anashona viatu kwenye baraza ya jengo la benki, pale ngazi zinaposhukia barabarani, na mjini kote anajulikana kwa jina la Bi Soli. Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho na wengi hawalijui. Kazi aliirithi kwa marehemu mumewe: stuli fupi, kisu cha ngozi, sindano yenye ndoana, kopo la gundi na wateja wabishi. Mwanzoni wapo waliomcheka, wakasema mwanamke atagongaje misumari. Aliwatengenezea viatu huku akiwatania mpaka wakaona aibu, na sasa ndio hao hao wanaomletea wake zao.

Alikuwa na tabia moja ambayo kwetu ilikuwa kichekesho cha ukoo mzima. Wanawake wengine hupunguza umri, yeye aliongeza. Aligundua zamani kwamba mtu aliyekula chumvi nyingi hupishwa kwenye foleni, huletewa kiti, na mteja mwenye umri wa wanawe hathubutu kumjibu ovyo. Basi akajiongezea miaka kumi na ushee, na kila mwaka ulipopita aliongeza mmoja, hakusahau. Sisi tuliuita umri wa foleni. Mtu akituuliza shangazi yenu ana miaka mingapi, tulimuuliza kwanza: unataka ya kweli au ya foleni? Yeye mwenyewe alisikia, akacheka mpaka miwani ikateleza puani.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko nyuma ya jengo hilo hilo, kwa hiyo siku haipiti bila kuonana naye. Nasema mapema ili mtu asije akalalamika kwamba sikumwonya: haya ninayoyasimulia nayasimulia nikiwa na hasira, na sina mpango wa kupoa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mteja wake mmoja alikuja saluni mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine kimebaki kwa fundi, akaniambia, "Dada, shangazi yako hainuki pale alipoinama." Nilimwacha mwanamke wa watu na kichwa nusu kimesukwa nusu kimefumuka, nikatoka. Shangazi alikuwa amejikunja juu ya stuli, ameshika tumbo kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, na tumbo lenyewe limejaa na kukaza. Alikuwa anaumwa tangu jana yake. Alikuwa anajikaza kisabuni, si unamjua.

Tulipofika hospitali, mlinzi wa getini alitaka teksi isimame nje na mgonjwa atembee. Nikabaki nikigombana naye, na ugomvi wangu hauishi kwa neno moja, kwa hiyo shangazi alitangulizwa ndani kwa kiti cha magurudumu na maswali ya mapokezi aliyajibu peke yake. Nilimkuta chumba cha dharura, kwenye kitanda cha ukutani, dripu imeshawekwa. Upande wa pili wa pazia alilala mama mmoja mzee, mwembamba, amejifunika kitenge mpaka kidevuni, naye tumbo limemvimba vile vile. Mumewe alikaa karibu yake kwenye kiti cha plastiki, kofia ameipakata mapajani. Kila mtu aliyepita mwenye koti jeupe, mzee huyo alinyanyuka kidogo kwa heshima, kisha akakaa tena.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole mwenye macho yaliyokosa usingizi. Alimbonyeza shangazi tumbo, akapeleka damu maabara, akampiga picha, akarudi na maneno yanayoeleweka. "Utumbo umejisokota. Sehemu iliyojisokota haipati damu. Asipofunguliwa tumbo, utaoza."

"Basi mfungueni," nikasema.

"Ndiyo. Ngoja nimalizie alama zake."

Akakaa kwenye kompyuta iliyo mezani katikati ya vitanda, akaanza kuingiza vitu: umri, presha, mapigo ya moyo, majibu ya damu, dharura au si dharura. Nilidhani ni mambo ya kujaza tu, kama wanavyotuuliza dini na kabila la bibi. Akabonyeza mara ya mwisho, akatazama, akavua miwani.

"Ishirini na nane," akasema.

"Ishirini na nane nini?"

"Asilimia. Ndiyo uwezekano wa kufariki akifanyiwa upasuaji. Kwenye watu mia wenye hali kama yake, ishirini na nane hawatoki salama."

Ni maneno mazito kuyasikia huku mwenyewe anakutazama kitandani. Lakini hesabu kidogo naijua, nikamwambia, "Kwa hiyo sabini na mbili wanatoka. Twende."

"Tatizo, dada, yuko juu ya mstari."

Ndipo nilipoelezwa habari ya mstari. Hospitali imeweka mstari kwenye asilimia ishirini na tano. Aliye chini yake, daktari wa zamu humwita bingwa, mgonjwa huingia chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Aliye juu yake ni lazima kwanza ajadiliwe na jopo la mabingwa, waamue kama kumpasua kuna faida. Nikauliza jopo linakaa lini. Akasema Jumatatu.

"Na leo ni Jumamosi."

"Ndiyo."

"Na utumbo wa shangazi yangu umeambiwa kwamba leo ni Jumamosi?"

Kijana wa watu akainamisha kichwa. "Ndio utaratibu, dada."

Utaratibu! Neno hili nimelichukia kuliko matusi. Mtu akikutukana unajua ni nani aliyekutukana, unaweza hata kumvua wigi. Utaratibu hauna uso wala hauna mwenyewe. Nilipaza sauti mpaka mgonjwa mwenye mguu uliovunjika akaacha kulia ili anisikilize. Nilisema wanataka kumwacha mtu aoze tumboni kwa sababu ya namba. Nilisema mengine pia ambayo hayaandikiki. Nyuma ya pazia nilimsikia daktari mwingine, wa kike, akimwambia yule mzee habari hiyo hiyo: mkewe amepata thelathini na moja, yuko juu ya mstari, watamtuliza maumivu wakisubiri jopo. Mzee akajibu kwa sauti ya chini, "Sawa, daktari. Ahsante."

Kelele zangu ndizo zilizomleta dokta wa usingizi, yule anayewalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Ni mama wa makamo, mnene kiasi, kofia ya upasuaji kichwani na kandambili za plastiki miguuni. Aliingia akiuliza nani anachinjwa huku. Akachukua faili la shangazi, akasoma ukurasa mmoja, akamgeukia kijana.

"Huyu bado yuko hapa kwa nini?"

"Juu ya mstari, dokta."

Nilidhani hasira ni zangu peke yangu siku ile. Yule mama alifunga faili, akalibana kwapani, akavuta pumzi kama mtu anayejizuia asipasue kitu.

"Hii hesabu ya alama niliileta mimi hapa," akaniambia, ingawa sikumuuliza. "Nilisumbuana nao kwenye vikao mpaka wakakubali. Nilitaka tujue mapema nani ana hali mbaya, apasuliwe haraka na mtu mwenye uzoefu, damu iwe tayari, kitanda cha mahututi kiwe kinamsubiri. Namba ikiwa kubwa maana yake kimbia. Wao wakaigeuza kufuli."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu vifo vya chumba cha upasuaji vinasomwa hadharani mwisho wa mwaka. Vifo vya wanaosubiri havisomwi popote."

Akampigia bingwa simu pale pale, tena hakujificha pembeni. Alimwambia ana matumbo mawili, yote ya leo, yote juu ya mstari, na kwamba yeye yuko tayari kuwalaza wote wawili. Simu yake ilikuwa na sauti kubwa, nikamsikia bingwa vizuri. Alisema wafuate makubaliano. Alisema, "Nikifungua kila aliye juu ya mstari, mwisho wa mwaka nitaonekana mchinjaji." Kisha simu ikakatwa.

Dokta wa usingizi akabaki ameikodolea macho simu. Akafungua tena faili la shangazi, safari hii akisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta alipoangusha sindano. "Mwanamke. Miaka sabini na nne. Hana kisukari, hana..."

"Miaka mingapi?" nikauliza.

"Sabini na nne."

Nikamgeukia shangazi. Alikuwa amefumba macho kwa maumivu, lakini alinisikia. Akafumbua jicho moja.

"Mapokezi waliniuliza," akasema kwa tabu. "Nikajibu kwa mazoea."

"Shangazi! Umewapa umri wa foleni?"

"Si palikuwa na foleni."

Sijui kama nilicheka au nililia, vyote vilitoka pamoja. Niliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake, nikatoa kitambulisho kilichogandana na gundi ya viatu, nikakibandua kwenye kipande cha soli, nikampa kijana. Sitini na tatu. Akafuta umri wa kwanza, akaweka wa pili, akabonyeza.

"Ishirini na mbili," akasema, na uso wake ukang'aa kama aliyefaulu mtihani. "Yuko chini ya mstari! Namwita bingwa."

Hapo ndipo hasira ilipohamia kwenye mifupa. Tumbo lilikuwa lile lile, utumbo ule ule uliojisokota, na jasho lile lile kwenye paji la uso. Dakika moja iliyopita alikuwa mtu wa kusubiri Jumatatu, na sasa watu walikuwa wanakimbia, mmoja anatafuta damu, mwingine anaita machela. Hakuna aliyemtazama yeye. Waliitazama namba, na namba ilipogeuka, nao wakageuka. Nilifurahi, siwezi kukataa. Lakini ile furaha ilinichefua.

Pazia likasogezwa. Yule mzee alikuwa amesimama, kofia mkononi, akiizungusha ukingo kwa vidole. Alikuwa amesikia yote.

"Daktari," akamwambia kijana, "samahani. Na wa kwangu? Naye nikisema amezaliwa nyuma kidogo... yaani, mbele kidogo..."

Alikuwa mtu asiyejua kudanganya. Hata njia ya kupita hakuijua, alichanganya mbele na nyuma. Kijana akatazama sakafu.

"Baba, kitambulisho chake tunacho. Na moyo wake nao una tatizo."

"Ndiyo, moyo. Ni kweli," mzee akasema. "Sawa, daktari."

Nilimvamia. "Baba, usikubali! Piga kelele! Hawa hawasikii lugha nyingine."

Akanitazama kwa huruma, eti yeye ndiye wa kunihurumia mimi. "Mwanangu, wao ndio wanaojua."

Dokta wa usingizi alikuwa ameshapiga simu tena. Nilimsikia kwenye korido akibishana, sauti ikipanda, akisema na huyu ana haki ya kujaribiwa, akisema moyo ni kazi yangu niachieni mimi. Alirudi midomo ameibana. Bingwa alikuwa amekataa tena. Machela ya shangazi ilipokuwa inapitishwa, yule mama wa kitanda cha jirani alitoa mkono nje ya kitenge, akamgusa shangazi kwenye bega, akamwambia, "Tangulia mwenzangu." Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa nyuma ya shangazi, nami nikabaki nje.

Walimkata kipande cha utumbo kilichokuwa kimeshaanza kuwa cheusi. Bingwa alitoka akanieleza mwenyewe, mtu nadhifu, anayenukia sabuni, mwenye mikono mizuri. Alisema wamewahi. Nikamwambia ahsante, kwa sababu kazi aliyofanya ndani ilikuwa nzuri na mimi si mtu wa kukosa shukrani. Kisha nikamuuliza habari ya mama wa pili. Akasema suala lake liko kwenye jopo.

Jopo halikupata kazi. Yule mama alifariki Jumapili mchana, dripu ya maumivu mkononi, mumewe kando yake kwenye kile kiti cha plastiki. Nilikuwepo mzee alipoondoka. Alikuwa amekunja kile kitenge vizuri, amekibeba kwa mikono miwili. Alipita kwa kila aliyekuwa zamu akamshukuru, muuguzi, mfagiaji, kijana yule mpole, wote. Aliwashika mikono. Mungu anisamehe, nilitamani kumtikisa. Nilitamani avunje hata glasi moja. Adabu yake ilinifanya nione kelele zangu zilikuwa na thamani gani: mimi mwenye mdomo nilipata sikio la dokta wa usingizi, na dokta akasoma faili la mgonjwa wangu kwa sauti. La mkewe halikusomwa na mtu kwa sauti. Na hata lingesomwa, umri wake ulikuwa wa kweli.

Shangazi alipopata fahamu vizuri alimuulizia. Nilitaka kumficha mpaka apate nguvu, lakini yule si mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia. Akageukia ukuta. Siku ile hakula, na muuguzi alipomjia kwa utani wa kumwita bibi wa foleni, hakucheka.

Alirudi kwenye baraza ya benki akiwa amekonda, akigonga misumari kwa kupumzika pumzika. Kitu kimoja kilibadilika. Akipishwa foleni, anakataa. Akiulizwa umri, anataja wa kweli, tena kwa ukali, kama anayemrushia mtu kitu.

Mwisho wa mwaka hospitali ikatupigia simu. Walikuwa na mkutano mkubwa wa kuonyesha kazi zao, wakaomba Bi Soli aje awe mgeni, maana yeye ni mfano mzuri. Nilimwambia asiende. Akaniambia nimtafutie gauni lake la kijani.

Ukumbi ulijaa makoti meupe na wakubwa wenye tai. Dokta wa usingizi alikaa nyuma kabisa, mikono ameikunja kifuani. Bingwa alipanda mbele, akawasha picha ukutani: nguzo mbili za rangi, moja ndefu, moja fupi. Ndefu, alisema, ni idadi ya wagonjwa wa dharura waliotarajiwa kufa kwa mujibu wa alama zao. Fupi ni waliokufa kweli. Hospitali yao imepoteza wachache kuliko ilivyotarajiwa. Watu wakapiga makofi. Wakubwa wakaitikia kwa vichwa, wengine wakaandika.

"Na huyu mama hapa," akasema, "alikuja na asilimia ishirini na nane. Juu ya mstari. Tukampigania."

Ishirini na nane. Kijana aliibadilisha kwenye kompyuta yake, lakini hakuna aliyejisumbua kuibadilisha kwenye kumbukumbu zao za mwaka, na kwa nini wajisumbue, wakati ndiyo inayowapendezesha? Nikajikuta nikisema "Tukampigania!" kwa sauti, na mtu wa mbele yangu akageuka. Shangazi alinishika paja ninyamaze. Alikuwa ameshasimama.

Wakampa kipaza sauti. Walisubiri shukrani, na kweli walizipata. Alimshukuru dokta wa usingizi. Alimshukuru bingwa kwa mikono yake. Watu wakatabasamu, wakaanza tena kupiga makofi, yeye akanyoosha kiganja wakatulia.

"Nina swali," akasema. "Siku ile nililala na mama mmoja, pazia kwa pazia. Ugonjwa wetu mmoja. Kwenye hizo nguzo, yeye yuko ipi?"

Bingwa akamtazama mwenzake, wakanong'ona. "Mama, pole sana kwa jirani yako. Picha hii ni ya waliofanyiwa upasuaji tu. Yeye hakufanyiwa."

"Kwa hiyo hakufa?"

Nyuma, dokta wa usingizi aliikunjua mikono yake.

"Alifariki, mama. Lakini kitaalamu hahesabiki hapa."

"Nani aliyemzuia asipasuliwe?"

"Jopo lilikuwa halijakaa."

"Basi na mimi nitoeni humo," shangazi akasema. "Sitaki kuhesabiwa mahali ambapo yeye hahesabiwi."

Bingwa akajaribu kutabasamu. Akasema haiwezekani, taarifa imeshapelekwa juu, akasema tunakushukuru sana mama yetu, tumpigie makofi. Mmoja wawili wakapiga, wakaacha. Kijana wa mitambo akaja kwa heshima, akanyoosha mkono achukue kipaza sauti.

Shangazi hakumpa. Alikishika kwa mikono miwili, jinsi anavyoshika kiatu kinachokataa kushonwa, akamgeukia bingwa na kuuliza upya, polepole, neno moja moja:

"Nimeuliza, yuko nguzo ipi?"